Je, LPN ni CNA aliyepewa funguo za dawa?

SWALI: Hujambo dada? Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) katika nyumba ya wazee huku Brooklyn Park, Minnesota. Ninafikiria kusomea LPN (muuguzi mwenye leseni, ngazi iliyo chini ya RN), lakini kila ninayemuuliza ana jibu lake. Wenzangu kazini wanasema LPN ni CNA aliyepewa funguo za dawa tu, na kwamba kazi yote ya maana ni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Wengine wananitisha: ukiwa LPN peke yako usiku na mzee akapatwa na jambo, leseni imekwenda. Ukweli ni upi? LPN anaruhusiwa kufanya nini, na kosa likitokea ni lake au ni la RN aliye juu yake? Halafu nina binamu yangu nyumbani mwenye diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Ajenti amemwambia njia rahisi ya kuja Marekani ni kuanzia LPN. Ni kweli?

JIBU: Sijambo, mdogo wangu. Naomba nianze na binamu yako, maana suala lake lina pesa ndani yake na huenda ajenti anasubiri malipo.

Mwambie asilipe kitu. Aliyehitimu diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii wa ngazi ya kusajiliwa) na kusajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya tayari ni muuguzi aliyesajiliwa. Anachohitaji ni vyeti na masomo yake kukaguliwa, na CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit, ndilo shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Akimaliza hapo aombe kufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN kupitia jimbo mojawapo la huku. Kushuka hadi LPN kungemrudisha nyuma, na kwa upande wa viza kungemuumiza zaidi. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha iitwayo Schedule A, ya kazi ambazo mwajiri hahitaji kuthibitisha kwanza kwamba amekosa Mmarekani wa kuzifanya. Wauguzi wa ngazi ya RN wamo kwenye orodha hiyo, LPN hawamo. Foleni ya viza za EB-3, zile za ukaazi wa kudumu kupitia kazi, ni ndefu hata kwa RN, na hilo alijue mapema, lakini angalau atakuwa amepanga foleni inayomhusu. Anayemwambia LPN ndiyo njia rahisi ama hajui, ama anamuuzia kitu.

Sasa tuje kwako.

Nilifanya kazi ya LPN kabla ya kuwa RN, na leo nasimamia LPN katika kazi zao, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Hao wanaokuambia ni CNA mwenye funguo wanaona troli ya dawa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye korido. Yanayoendelea kichwani mwa yule anayeisukuma hawayaoni, na humo ndimo kazi yenyewe ilimo.

LPN ni muuguzi mwenye leseni. Texas na California humwita LVN, lakini ni mtu yuleyule, na mtihani ni uleule wa NCLEX-PN. Sheria ya uuguzi ya Minnesota inamweka chini ya maelekezo ya RN, daktari au mtoa huduma mwingine mwenye leseni anayestahili kumwelekeza. Inamruhusu kufanya tathmini yenye mipaka: anakusanya taarifa za mgonjwa, anazilinganisha na hali ya kawaida ya binadamu na hali ya kawaida ya mgonjwa yule, kisha anaripoti mabadiliko. Anashiriki kutengeneza mpango wa matunzo, anatekeleza yaliyomo, na anawagawia CNA kazi na kuzifuatilia.

RN ndiye anayefanya tathmini kamili mgonjwa anapopokelewa, ndiye anayeuanzisha mpango wa matunzo, na ndiye anayewajibika kuubadilisha hali inapobadilika. Hata ile fomu ndefu ya MDS ambayo nyumba za wazee hujaza kwa ajili ya serikali ya shirikisho, LPN anaweza kuchangia taarifa zake, lakini sahihi ya kwamba imekamilika ni ya RN.

Hapo kwenye tathmini ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Utasikia RN akimwambia LPN, "Hukutakiwa kutathmini." Haina maana kwamba LPN afumbe macho. Ukimkuta mzee ana mguu mmoja uliovimba, wenye joto, na anaumia ukiugusa, ni wajibu wako kuuangalia, kuulinganisha na ule mwingine, kuandika ulichoona na kupiga simu. Usichofanya ni kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana damu iliyoganda mguuni, au kubadilisha mpango wa matunzo kwa uamuzi wako peke yako. Unaona, unalinganisha, unafikisha. Ukifanya hayo matatu kwa wakati, umefanya kazi ya LPN, na maisha ya watu wengi yameokolewa hapo kabla daktari hajafika.

Nichukue mfano wa kazini kwako. Saa nane ya usiku unasikia kishindo chumbani. Mzee yuko sakafuni karibu na choo. Wewe kama CNA umefundishwa usimnyanyue, uite nurse, na hapo kwako panaishia. Ukiwa LPN, wewe ndiye nurse aliyeitwa.

Unapiga magoti. Anaitika? Anaongea kama jana, au maneno yanateleza? Mboni za macho ziko sawa? Kuna damu kichwani? Mguu mmoja umeonekana mfupi na umegeukia nje? Hiyo ni dalili ya nyonga iliyovunjika, na ukimsimamisha utamwongezea madhara. Unapima presha, mapigo ya moyo, upumuaji, oksijeni. Kama ana kisukari unapima sukari, kwa sababu huenda hakuteleza bali sukari ilishuka. Wakati mikono yako inafanya hayo, kichwa kinapekua orodha ya dawa zake. Anakunywa warfarin au Eliquis? Basi kugonga kichwa si jambo la kusubiri asubuhi, hata akikuambia kwa tabasamu kwamba hana neno. Mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu taratibu, akala kifungua kinywa vizuri, na mchana asiamke.

Kisha simu. Ikiwa ni dharura ya dhahiri, na agizo lake la kupelekwa hospitali linaruhusu, 911 kwanza na wengine baadaye. Ikiwa siyo, unampigia daktari wa zamu na RN aliye tayari kwa simu. Kuongea na daktari saa nane ya usiku ni ujuzi wenyewe. Tunatumia mpangilio wa SBAR: hali ilivyo sasa, historia fupi, nilichokiona, ninachoomba. Kwa maneno yako iwe hivi: "Daktari, Bwana fulani wa chumba 12 ameanguka sasa hivi na amegonga kichwa. Ana miaka 84, anakunywa Eliquis kwa ajili ya mapigo ya moyo yasiyo sawa. Yuko macho lakini ananiuliza mara ya tatu yuko wapi, na jana hakuwa hivyo. Presha ni 168 kwa 90. Naomba apelekwe hospitali akapigwe picha ya kichwa." Ona hapo hukutoa utambuzi wa ugonjwa. Umetoa ushahidi, na umeomba waziwazi. Watu wetu wengi tumelelewa kuongea na wakubwa kwa kuzungukazunguka, na wenye heshima zaidi ndio huzunguka zaidi. Kwenye simu hii heshima ni kusema moja kwa moja.

Familia nayo ijulishwe. Halafu unaandika: saa, ulichokiona, vipimo, uliyempigia, alichosema. Ripoti ya tukio inajazwa kwenye fomu yake ya ndani, na kwenye faili la mgonjwa huandiki kwamba umeijaza. Huandiki "ameteleza kwenye maji" ikiwa hukumwona akiteleza. Unaandika kwamba umemkuta sakafuni, na sakafu ilikuwa na maji.

Kwa nini nimeuchagua usiku? Kwa sababu sheria ya shirikisho inataka nyumba ya wazee iwe na muuguzi mwenye leseni saa zote 24, lakini RN inamtaka kwa saa 8 mfululizo tu kwa siku, siku zote saba. Zile saa 16 zilizobaki, muuguzi huyo mwenye leseni anaweza kuwa LPN. Majengo mengi usiku huwa hivyo, naye ndiye kiongozi wa zamu. Kwa hiyo huyo anayeitwa CNA mwenye funguo, usiku mara nyingi ndiye pekee ndani ya jengo aliyesomea kujua kwamba kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa bibi wa chumba cha tatu si uzee. Kwa mzee, maambukizi makali yanaweza kuja bila homa. Anaamka tu akiwa siye yeye, anakataa chakula, anapumua haraka kuliko kawaida. Anayesubiri joto lipande ndipo ashtuke anaweza kuwa amechelewa sana.

Na hizo funguo zenyewe zina uzito. Mwisho wa zamu, mofini na dawa nyingine kali za maumivu huhesabiwa na wauguzi wawili, anayetoka na anayeingia, kidonge kwa kidonge, kisha wote wawili wanatia sahihi. Usipokee funguo kabla ya kuhesabu, hata kama anayetoka ni rafiki yako na basi linamwacha. Ukishazipokea, kilichopungua ni chako kukieleza.

Kugawa dawa kunaonekana rahisi ukiwa pembeni. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi, na kuandika baada ya kutoa, si kabla. Lakini si ajabu asubuhi moja kukuta LPN mmoja ana wazee 20 au 30, na kila mmoja ana vidonge vyake, na katikati ya hayo simu inalia na CNA anakuita. Humo ndimo makosa huzaliwa. Digoxin, dawa ya moyo, haitolewi bila kusikiliza moyo dakika nzima, na ukiwa chini ya mapigo 60 kwa kawaida unaizuia na kutoa taarifa. Insulini haitolewi bila kujua sukari ni ngapi na kama trei ya chakula imefika. Sukari ikiwa chini ya 70 (kwa kipimo cha huku cha mg/dL) na mzee anaweza kumeza, unampa gramu 15 za kitu chenye sukari, kama nusu glasi ya juisi, unapima tena baada ya dakika 15, na unamjulisha anayepaswa kujua.

Kazi nyingine ni pana, nami nitazipitia haraka kwa sababu nyingi unaziona kila siku: kufunga vidonda, kuweka mpira wa mkojo, kulisha kwa mpira wa tumboni, kuvuta makohozi kwa mwenye tundu la kupumulia shingoni, sindano za misuli na za chini ya ngozi. Kuhusu dripu, usimsikilize mtu yeyote anayekupa jibu moja la Marekani nzima. California, kwa mfano, LVN mwenye cheti cha ziada anaweza kuanzisha dripu ya maji, lakini kwa kawaida hasukumi dawa kwenye mshipa. Minnesota sheria haina orodha ndefu ya vitendo. Inategemea ulichofundishwa, ulichothibitisha kwamba unakiweza, na sera ya mahali unapofanya kazi. Damu ya kuongezewa mgonjwa na dawa zinazosukumwa kwenye mshipa, sehemu nyingi ni za RN.

Jambo moja la vidonda sitalipita haraka. Vitabu vingi hufundisha kwamba kidonda cha kulalia huanza na ngozi nyekundu isiyogeuka nyeupe ukiibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi hutauona huo wekundu. Tafuta joto au ubaridi usio wa kawaida, ugumu au ulaini tofauti na ngozi ya jirani, maumivu, na rangi iliyokolea kuliko pembeni. Wewe unaijua ngozi yetu kwa macho na kwa mikono, na wazee weusi walio kwenye nyumba hizo wanahitaji mtu wa namna hiyo. CNA akikuambia wakati wa kuogesha kwamba kisigino cha mama fulani kina joto, acha troli, ifunge, ukaangalie.

Sasa swali lako zito: kosa ni la nani?

Leseni ni ya jina lako, na Bodi ya Uuguzi ya jimbo itakuuliza wewe ulifanya nini. RN anaulizwa kama alikukasimu kazi inayokufaa, kwa mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa tulivu, kwa maelekezo yaliyoeleweka, na kama alifuatilia. Kila mmoja anajibu kwa sehemu yake. "Niliagizwa" si utetezi. Daktari akiagiza kipimo ambacho akili yako inakataa, una wajibu wa kusimama na kuuliza kabla ya kutoa. Ndiyo maana ile herufi U ya kufupisha yuniti imewekwa kwenye orodha ya vifupisho vilivyokatazwa hospitalini: mtu ameandika 4U ya insulini, mwingine akasoma 40. Anayetoa 40 bila kushtuka hawezi kusema mwandiko ndio ulioua. Vivyo hivyo, ukipewa kazi ambayo hukuwahi kufundishwa, kusema "sijafundishwa hiki, naomba unisimamie" ni sehemu ya wajibu wako, si udhaifu.

Lakini wale wanaokutisha kwamba mzee akifa leseni imekwenda wanakosea, na hofu hiyo imewarudisha nyuma watu wetu wengi wenye uwezo. Wazee hufa katika nyumba za wazee. Bodi haiadhibu kifo. Mambo yanayoharibu leseni ni kuandika vipimo ambavyo hukupima, kuchukua dawa za wagonjwa, kulala zamu, kuona mabadiliko ukanyamaza kwa kuogopa kumwamsha daktari, kuona mzee anateswa au anaibiwa ukakaa kimya wakati sheria inakutaka utoe taarifa. Na simu ya mkononi: picha ya mkazi, hata ya furaha, hata kwenye grupu la WhatsApp la familia yako huko Kenya, inavunja HIPAA, sheria ya shirikisho ya kulinda siri za wagonjwa. Ukikagua orodha hiyo utaona karibu yote yako mikononi mwako. Jilinde kwa kuandika ukweli na kupiga simu mapema.

Kuhusu kama inafaa, fedha kwanza. Kwa takwimu za serikali za Mei 2023, mshahara wa kati wa LPN kwa nchi nzima ulikuwa dola 59,730 kwa mwaka, na wa RN dola 86,070. CNA walikuwa kwenye takriban dola 38,000. Kozi ya LPN katika chuo cha jamii ni kama mwaka mmoja ukiwa umemaliza masomo ya awali. NCLEX-PN ni maswali 85 hadi 150, muda usiozidi saa 5, na kompyuta hukuchagulia swali linalofuata kutokana na ulivyojibu yaliyotangulia. Tangu Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa ambamo unapewa faili zima na kuulizwa ulichokigundua na utakachofanya kwanza. CNA makini hufanya vizuri humo, kwa sababu ameshawaona hao wagonjwa. Anayekariri majibu hukwama.

Ushauri wangu kwako: kama una watoto na bili, na kusoma RN kwa mkupuo kungekulazimisha kuacha kazi, chukua LPN, fanya kazi, kisha uingie kwenye programu ya daraja ya kutoka LPN kwenda RN. Kama una nafasi na mtu wa kukusaidia nyumbani, nenda RN moja kwa moja, utaokoa muda na ada. Usichague LPN kwa kudhani majukumu ni madogo. Hospitali nyingi zimepunguza LPN, na ajira zao nyingi ziko katika nyumba za wazee na huduma za majumbani, ambako usimamizi uko mbali nawe na utakuwa peke yako mara nyingi.

Kumbuka pia leseni ya Minnesota ni ya Minnesota. Majirani zetu Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili wamo kwenye mkataba wa leseni moja kwa majimbo mengi, sisi hatumo hadi ninapoandika haya. Ukipata kazi ya Hudson, ng'ambo tu ya mto St. Croix, utahitaji leseni ya Wisconsin kabla ya kugusa mgonjwa. Hapa kwetu utaihuisha kila miaka miwili, kwa saa 12 za masomo endelevu.

Na ukishapata leseni, kabla ya kusaini kazi ya kwanza, muulize mwajiri haya ana kwa ana: usiku LPN mmoja ana wakazi wangapi? RN wa kupigiwa simu ni nani, na anapokea? Nitafundishwa zamu ngapi kabla ya kuachiwa troli peke yangu? CNA wangapi watakuwa nami wikendi? Akikuambia utafundishwa siku moja kwa sababu "wewe ulikuwa CNA, unajua kazi," shukuru, toka, utafute pengine. Nyumba za wazee zinazohitaji LPN katika Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, ni nyingi, huna haja ya kuanza na ile itakayokuacha peke yako siku ya pili.